Wanja Ulioelekea Masikioni

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane. Mimi Dafroza, ambaye nusu ya Mbugangari, mtaa wetu hapa Rubavu, huniuliza namna ya kukaa juu ya pikipiki, mimi niliyewahi kumwambia dereva mmoja mbele ya abiria wake kwamba anaendesha kama amebebeshwa gunia la viazi, ndiye niliyekaa vibaya juu ya pikipiki siku moja mpaka uchumba wa mtoto wa kaka yangu ukakaribia kuvunjika mbele ya mahema mawili ya watu. Ndiyo, kukaa tu. Sikuanguka, sikugonga mtu, sikuishiwa mafuta njiani. Nilikaa wima, basi. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize, maana wengi wanaosimulia habari hii hawakuwepo na wanaitia chumvi ambayo haihitaji.

Mnaifahamu pikipiki yangu (hapa kwetu tunaiita moto, na mgeni kutoka Tanzania akisikia nimekuja na moto anaanza kutafuta maji). Ni nyekundu, inang'aa, naiosha mwenyewe, na nilijifunza kuiendesha nikiwa mwanamke mzima mwenye duka la vitenge, wakati wenzangu wa rika langu walikuwa wanajifunza kulalamika magoti. Kaka yangu Faustin alisema nitaiuza kabla ya mvua. Mvua imenyesha mara nyingi tangu hapo, na Faustin mwenyewe akiwa na haraka ananipigia simu mimi. Nimepeleka vitenge Rugerero, nimepeleka Busasamana kule chini ya volkano ambako upepo unatoka mlimani bila kubisha hodi, na ni huko Busasamana nilikojua kwamba kuendesha ni jambo moja na kukaa ni jambo lingine.

Niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa ujinga wangu. Ndani ya mji, ukiteremka polepole kuelekea ziwani, kaa wima upendavyo, upepo unakupapasa tu. Lakini ukishapanda Rugerero, ukaiacha milima nyuma, barabara ikanyooka kuelekea Bigogwe na wewe ukaanza kukaza mkono, upepo unakuwa mtu anayekusukuma kifua kwa mikono yote miwili. Wengi hapo hung'ang'ania usukani, mabega yanapanda, shingo inakauka, na wakifika wanailaumu barabara. Barabara haijawakosea. Unainama kuanzia kiunoni, si shingoni, unabana tangi kwa magoti ili mikono ipumzike, viwiko unavivuta ndani, kidevu kinashuka, upepo unakupita juu ya mabega ukaenda kutafuta mwingine. Na pikipiki yangu ina kile kioo kifupi cha mbele alichonifungia fundi, na kioo kifupi kina tabia yake: ukikaa wima kinaukusanya upepo wa chini na kuurusha wote kooni na usoni, lakini ukiinama kidogo, upana wa kiganja tu, unapita juu ya kaske, yaani kofia ngumu ya kichwani, na huku chini kunakuwa na utulivu hadi unasikia injini inavyopumua. Upana wa kiganja. Maneno haya nilimwambia Solange kila asubuhi nikimpeleka shule, mpaka akawa anayasema yeye kabla yangu kwa sauti ya kunikejeli.

Solange ndiye mtoto wa kaka yangu. Alikaa kwangu mjini tangu alipoanza sekondari, kwa sababu Faustin yuko Bigogwe na ng'ombe wake na shule nzuri iko huku, na mimi sikujaliwa mtoto wa kike, kwa hiyo mjue tu kwamba nikisema mtoto wa kaka yangu nasema hivyo kwa ajili ya adabu. Alipompata Thierry, kijana mtaratibu wa Musanze aliyelelewa na bibi yake, mtu wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi. Na ilipopangwa gusaba, yaani ile siku ambayo ukoo wa mvulana unakuja kumwomba msichana rasmi, nilijua nafasi yangu bila kupangiwa na mtu.

Kwetu msichana hatolewi bila shangazi. Wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mahema wakitazamana, kila upande una msemaji wake mwenye fimbo na maneno matamu, wanafanya kama hawajuani, wanataniana, wanasifu ng'ombe, wanazungushana mpaka watu wanasahau njaa, na mwishowe msemaji wetu anasema haya, sisi wanaume tumekubali, lakini je, shangazi yake? Hapo shangazi anasimama, anapokea maikrofoni, na neno lake ndilo linalomfungulia msichana mlango wa nyumba. Neno langu nilikuwa nimeliandaa wiki nzima, nikilisema dukani mbele ya vitenge.

Basi siku ilifika. Ukoo wa mjini ulikodi basi dogo pale Mbugangari, na Faustin alikuwa ameniwekea kiti cha mbele karibu na dereva, kiti cha heshima kabisa. Nikasema mimi nakuja na ya kwangu. Nilitaka niingie Bigogwe kwa pikipiki yangu nyekundu nikiwa nimevaa mushanana (lile vazi letu la sherehe, sketi ndefu na mgolole unaofungwa bega moja), rangi ya dhahabu, uliopigwa pasi mpaka ukasimama wenyewe. Ndani nilivaa suruali, sketi nikaikunja vizuri chini ya mapaja, mgolole nikaufunga kwa nyuma usipepee. Saluni walikuwa wamenipaka poda na wanja mzito kabisa, yule dada aliniambia macho yangu yanaongea. Siku hiyo yangeongea kweli.

Baada ya kupanda milima nikainama kama kawaida yangu, na nilipoinama nikaona mgolole unajikunja kifuani. Mkunjo mdogo. Nikajiona nimesimama mbele ya wakwe na mkunjo huo, kwenye picha zitakazotundikwa ukutani mpaka nife, nikasema hapana, leo nakaa wima, ni safari fupi. Huo ndio uamuzi wote. Na kwa kuwa nimekaa wima na baridi ya Bigogwe mnaijua, pumzi yangu ikawa inafifisha kioo cha kaske, nikakipandisha. Nikakiacha juu. (Tuseme ukweli wote: nilikipandisha pia kwa sababu watu wa barabarani walikuwa wanageuka kuangalia, na kaske iliyofungwa haimtaji mtu jina.)

Pale barabara inaponyooka nikalikuta basi letu. Hapo ningeweza kuinama bado. Lakini nilipolipita, ukoo mzima ulikuwa madirishani, wengine wameshika simu wananirekodi, mama mkwe wa Faustin anapiga vigelegele, nami ningeinamaje sasa, nijikunje mbele yao kama ninayemkimbia askari? Nikanyoosha mgongo zaidi, nikaenda mwendo ambao kamera za barabarani zinauruhusu na si zaidi, kifua mbele, uso wazi, upepo wote wa kile kioo kifupi ukinipiga kooni na machoni. Macho yalianza kutoka machozi. Nikayaacha. Pua nayo ikaanza. Shingo ikawa ngumu, koo likawa kama nimemeza majivu, na mimi nikawa nashangilia moyoni kwamba mgolole haujapata hata mkunjo mmoja.

Nilifika kwa Faustin macho yanawaka. Nikavua kaske, nikashusha sketi, basi letu nalo likaingia nyuma yangu, na kabla sijatafuta kioo cha kujitazama Faustin akanijia mbio na fimbo yake, sauti ya chini, hata hakuniangalia vizuri: "Ingia, ingia, wakwe wako ku mulango, tunakungojea we tu." Nikaingia. Nikapita mbele ya hema letu kwa mwendo wa polepole, na nikaona kila ninapopita watu wananyamaza na kunitazama usoni, wanawake wanashikana mikono. Nikajua mushanana umewaingia. Nikapunguza mwendo ili nao walio nyuma waone.

Nilikaa. Ukoo wa Thierry ukaingia kwa nyimbo, wakaketi upande wao, na mbele kabisa wakamkalisha yule bibi aliyemlea Thierry, mwembamba, mwenye fimbo na macho makali. Familia yao ilitoka Masisi, kama sisi tulivyotoka Goma, kwa hiyo tangu tujuane mimi na yeye tulikuwa tukizungumza kile Kiswahili chetu cha kule. Nilimtabasamia. Yeye hakutabasamu, alikuwa ananitazama tu mashavu, na mimi machozi yananitoka bado, nikayafuta kwa ncha ya kidole pembeni ya jicho, polepole, nisiharibu poda.

Wasemaji wakaanza. Yule wa kwao alikuwa anajua kazi, alipanda na maneno kama mtu anayepanda ngazi, lakini alipofika kwenye kutusifu sisi akaniona, akasita. Akasema, kwa heshima sana, kwamba anamwona shangazi ana huzuni, labda wamemkosea kwa kuchelewa, labda hawakumsalimu inavyotakiwa. Mimi nikatikisa kichwa. Msemaji wetu, mjanja wake, akadhani nimeandaa igizo la kuwaongezea wenzetu kazi, akalidaka: ndiyo, shangazi huyu hatoi mtoto wake kirahisi, mnayaona machozi hayo? Watu wakacheka. Yule wa kwao naye akacheka, akasema basi wanaongeza ng'ombe mmoja wa kumpangusa shangazi machozi, na Faustin (ambaye kwa ng'ombe hana aibu) akasimama papo hapo kushukuru, ili maneno yasirudi yalikotoka.

Ingeishia hapo ingekuwa raha. Lakini bibi hakuwa anacheka. Aliinuka kwa fimbo yake, na mzee akiinuka katikati ya gusaba kila mtu anafunga mdomo, hata wapiga picha walishusha kamera. Akasema maneno ambayo mpaka leo yananipita mwilini: "Mi siwezi beba mutoto ya watu na shangazi yake analia. Mi walinitoaka vile. Shangazi yangu alilia, wanaume wakacheka, wakasema ni mchezo. Hakukanyagaka kwangu tena mpaka alikufa." Akamgeukia mjukuu wake na kumwambia wasimame, warudi nyumbani, waje siku nyingine ambayo huyu mama amekubali.

Nataka mjue ilivyokuwa. Thierry alikuwa amesimama nusu, hajui amtii bibi yake au akae, Faustin ananikodolea macho, na ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la dirisha, najua Solange amesimama na shanga zake kichwani akisikia yote. Nikaomba maikrofoni. Nikataka kusema ile hotuba yangu ya wiki nzima, au angalau kusema kwamba silii, na nilipofungua mdomo, koo lililokula upepo kutoka milimani mpaka Bigogwe likatoa sauti moja ya kukwama, kama kwikwi ya msiba, na maikrofoni ikaichukua na kuipeleka hadi barabarani. Wanawake wa pande zote mbili wakaguna kwa huruma. Dada mmoja wa upande wetu akaanza kulia na yeye.

Nikajaribu tena. "Ni upepo," nikasema, na ikasikika nusu.

Hakuna aliyeamini. Ndivyo anavyosema kila mtu anayelia, kwamba ni upepo, ni vumbi, ni kitunguu. Msemaji wetu akataka kunisaidia, akasema mwacheni dada yetu, uchungu ni wake, na kwa msaada huo akazidi kunizamisha.

Basi nikafanya kitu ambacho si desturi. Nikatoka kwenye kiti changu, nikavuka ile nafasi iliyo wazi kati ya mahema mawili, ambayo hakuna mtu anaivuka kabla ya ndoa kukubaliwa, nikaenda nikapiga magoti mbele ya bibi na ule mushanana wangu wa kupigwa pasi, kwenye nyasi zenye maji. Akanishika kidevu. Akaugeuza uso wangu upande huu, akaugeuza upande ule, akapitisha kidole chake shavuni na kukitazama kilivyokuwa cheusi. Hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba nina kitu usoni.

"Machozi ya kulia inashukaka," akasema, na sasa alikuwa ananisemesha mimi peke yangu, ila maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu. "Hii ya kwako ilienda ku masikio."

Maana wanja wote wa saluni ulikuwa umetoka machoni na kulala kwa mistari miwili minyoofu, myeusi tii, kutoka pembe za macho mpaka ndani ya nywele, juu ya masikio. Sikuwa nimelia hata kidogo, nilikuwa nimepeperushwa. Bibi akaniuliza nilikuja na nini, nikamwambia kwa sauti ile ile ya majivu kwamba nimekuja na moto, na akauliza, kwa utulivu wa mtu anayetaka kujua kweli: "Ulikaa namna gani?"

Ilibidi niseme. Mimi, mbele ya koo mbili, mbele ya basi zima lililonirekodi, mbele ya dereva mmoja wa Mbugangari aliyealikwa bila mimi kujua, yule yule wa gunia la viazi, nilisema kwenye maikrofoni kwamba nilikaa wima, kioo cha kaske nimekipandisha, kwa sababu sikutaka nguo ijikunje na nilitaka watu wanione. Halafu kutoka ndani ya nyumba, mahali ambapo bibi harusi hatakiwi kusikika hata akikohoa mpaka aitwe, ikatoka sauti ya Solange, kwa ile ile kejeli ya asubuhi za shule, akiniita shangazi kwa Kifaransa: "Tantine, upana wa kiganja."

Na kicheko chake. Mnakijua kicheko cha Solange, kikianza hakirudi. Bibi akageuka akaliangalia dirisha, akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie uso wake ukalegea. Nafikiri alisikia kile alichokuwa anataka kukisikia, kwamba yule mtoto ndani na huyu mama mwenye mistari hawana ugomvi wowote. Akakaa. Mahema yote mawili yakapasuka kwa kicheko, na nawaambia hakuna kicheko kirefu kama cha watu waliokuwa wameanza kuomboleza.

Walinifanya nioneshe. Waliniletea kiti cha plastiki, nikakipanda kwa kukigeuza mgongo mbele, nikawaonesha jinsi nilivyokaa, kifua mbele kama gavana anayekagua barabara, na jinsi nilivyotakiwa kukaa, kiuno kikikunjwa, magoti yakibana, kidevu chini, na msemaji wa kwao akasimama mbele yangu akipunga mgolole wake kuwa upepo. Nilieleza vizuri sana. (Nilipigiwa makofi, na yule dereva wa Mbugangari aliuliza swali la kunichokoza kuhusu viazi, nikamwambia nitamjibu kesho.) Kisha msemaji wetu akakumbuka kazi yake, akauliza je, shangazi amekubali? Hotuba yangu ya wiki nzima haikutoka hata neno. Nikainua tu mkono, nikapima upana wa kiganja, na pazia likafunguliwa, Solange akatoka akiwa bado anacheka, mzuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuuza.

Ng'ombe hakurudishwa. Faustin alisema kilichotolewa kwenye gusaba kimetolewa, wakwe wakakubali kwa kicheko, na ng'ombe huyo yuko Bigogwe mpaka sasa, mweusi usoni, anaitwa Muyaga, yaani Upepo. Kuna mashangazi wengi Rubavu. Nionesheni mwingine ambaye kukaa kwake kumeingiza ng'ombe zizini, halafu ndipo mnicheke.

Lakini nimeapa na kiapo nakishika. Kutoka milimani mpaka Bigogwe nainama, kaske imefungwa, nguo ya sherehe iko kwenye mfuko nyuma, nafika na kuvalia kwa Faustin kama binadamu wengine. Watu wananipungia mikono barabarani na siwaoni. Wanja nimeuacha kabisa kwa safari, macho yangu yaongee wakati mwingine.

Ila kuna kilichobaki, na ndicho kinachonifanya niisimulie hadithi hii mwenyewe. Siku ya harusi, jioni, Solange alipoingia garini kwenda kwa mumewe Musanze, nililia. Nililia kweli, mabega yakitikisika, kwa sababu asubuhi inayofuata ningewasha pikipiki na nyuma yangu pasingekuwa na mtu wa kunikejeli. Na hakuna hata mmoja aliyenihurumia. Kaka yangu alicheka, shemeji zangu walicheka, watoto wakaanza kupiga kelele kwamba tantine amekuja na moto, tantine amekaa wima, na hata Solange dirishani alikuwa anafuta machozi yake huku ananionesha kiganja.

Bibi peke yake alinijia na fimbo yake. Akanishika kidevu kama siku ile, akanigeuza upande huu, akanigeuza upande ule, akatazama.

"Hii sasa inashuka," akasema, akanifuta kwa ncha ya mgolole wake, akanishika mkono na hakuuachia mpaka gari lilipopotea kwenye kona. Siku hiyo nilikuwa nimekuja na basi.